Jamani, uwanja wetu usigeuzwe maegesho

Najua nimepotea. Nilikuwa TP nyumbani kwetu Isansa, na nilichagua nyumbani kwa sababu ileile mnayoijua wote: bumu. Ukila ugali wa mama hulipi, ukilala kwenye chumba chako cha zamani hulipi, hela ya kujikimu inabaki mfukoni. Tatizo ni mtandao tu. Kwetu kuna mahali maalumu pa kusimama ndipo simu ishike vizuri, na mahali penyewe ni katikati ya shamba la kahawa la watu, kwa hiyo nilikoma kuandika. Msinisute.

Hii ni wiki yangu ya pili tangu nirudi chuo. Jumatatu nimekuta tangazo ubaoni: uwanja wa michezo, upande wa mabweni, utachukuliwa nusu ili yawe maegesho ya magari. Chuo sikitaji jina. Mnaosoma hapa mnakijua, na wa vyuo vingine mtadhani nawasema nyie, maana hadithi zetu zinafanana.

Kilichoniuma siyo tangazo, ni shangwe. Wengi mmefurahi! Mmoja kasema afadhali, kuliko nyasi zile za kufugia nyoka. Mwingine kasema kwanza vyumba vya mihadhara havitoshi, watu wanasikiliza vipindi wakiwa wamekaa dirishani, halafu mtu anakuja kulilia uwanja. Mwenzangu wa chumbani ndiye kanimaliza kabisa. Kaniuliza, "Wewe mara ya mwisho umeukanyaga lini?"

Nikakaa kimya. Ukweli ni kwamba kwa miaka miwili na nusu nimeukanyaga nikikatiza kwenda kula, na siku ile ya mahafali tulipotafuta kivuli cha turubai. Basi. Sijawahi kukimbia hapo hata mzunguko mmoja. Kwa hiyo haya mnayosoma yanaandikwa na mkosaji.

Sasa ngoja niwaambie kilichonikuta Isansa.

Siku ya pili tu ya TP, Mkuu wa shule akatuita ofisini kugawa majukumu. Mimi nasomea ualimu wa hisabati na jiografia, nikapewa vipindi vyangu, nikaandika. Halafu akafunga daftari lake, akanitazama, akasema, "Na wewe mwalimu, kwa kuwa ni kijana, utashika michezo." Nikapewa filimbi moja na mpira mmoja uliochoka. Mafunzo yangu yote ya kazi hiyo yakaishia hapo.

Wenzangu wa TP, mnacheka kwa sababu na nyie mlipewa. Nimewauliza kumi na mmoja wa kitivo chetu tangu nirudi. Saba walipewa michezo. Saba! Wawili walikuwa wanafundisha Kiswahili, mmoja kemia, wengine historia. Hakuna hata mmoja aliyeulizwa kama anajua chochote.

Jumatano mchana ndiyo siku ya michezo. Wavulana wakachukua mpira, wasichana wakabaki wamesimama na mimi nimesimama. Nikasema basi tukimbie. Nikataka mita 800, nimeshaiona kwenye televisheni, ni mizunguko miwili ya uwanja. Uwanja wa shule hauna mstari wowote, ni kipande cha ardhi kilichoinama kidogo upande mmoja, kina nyasi na vumbi. Nikaamua kupima. Na hapa ndipo mwanahisabati wenu alipojidhalilisha: nilipima kwa hatua. Nilitembea nikihesabu hatua 400, kila hatua nikaiita mita moja, nikapanga mawe kuzunguka, nikaridhika. Mimi mwenyewe mnaniona nilivyo mfupi.

Kuna binti mmoja wa kidato cha pili, mwembamba, mpole darasani kiasi kwamba nilikuwa sijamsikia sauti. Alivua kandambili akazishika mkononi. Nilipopuliza filimbi aliondoka kama aliyeitwa nyumbani. Mzunguko wa kwanza akawaacha wasichana, wa pili wavulana wakaacha mpira wakaja kutazama. Akamaliza, kandambili bado ziko mkononi, simu yangu inasoma dakika 2 na sekunde 9.

Jioni nikaenda kusimama kwenye shamba la kahawa nikatafuta. Rekodi ya dunia ya wanawake ya mita 800 ni dakika 1, sekunde 53.28, iliwekwa mwaka 1983 na Jarmila Kratochvílová wa Czechoslovakia. Nikatoa. Tofauti ni chini ya sekunde 16! Mtoto wa kidato cha pili, pekupeku, kwenye uwanja ulioinama, Isansa! Sikulala. Asubuhi nikamwambia Mkuu, nikawaambia walimu, nikamwambia yeye mwenyewe mbele ya darasa. Jumamosi nikafunga safari hadi kwa bibi yake, anakoishi, nikamwambia bibi huyu mtoto atakuja kukimbia Ulaya. Bibi akaniuliza, "Una hakika, mwalimu?" Nikasema nina hakika.

Wiki mbili baadaye kulikuwa na bonanza la shule kadhaa, Vwawa. Bibi akauza madebe mawili ya mahindi akamnunulia raba za mtumba, kwa sababu mimi mwalimu nilisema wakimbiaji wa kweli wanavaa viatu. Hakuwa amewahi kukimbia na viatu maishani mwake. Na mimi, kama mjinga, sikujua kwamba viatu vipya havivaliwi siku ya mashindano.

Akawa wa nne. Dakika 2 na sekunde 38, malengelenge miguu yote miwili.

Njia nzima ya kurudi, kwenye gari, alikuwa ameziweka zile raba mapajani. Tulipokaribia kufika akaniuliza swali ambalo nimerudi nalo huku chuoni. "Madam, kwa hiyo siku ile nilikuwa sikimbii?"

Sikuwa na jibu. Lakini pale Vwawa kuna mwalimu mzee, karibu anastaafu, ndiye aliyechora uwanja kwa ajili ya bonanza. Kabla hatujaondoka aliniuliza taratibu, "Mwanangu, uwanja wenu mliupima na nini?" Nikamwambia hatua. Hakunicheka. Akasema wao walipokuwa chuo cha ualimu walifundishwa kuchora uwanja kabla hawajaruhusiwa kuandika andalio la somo, na mtihani wake ulikuwa wa kamba na chokaa, siyo karatasi. Akanionyesha kwa kijiti, kwenye vumbi.

Wadau, ni hisabati tupu! Uwanja wa riadha ni pande mbili zilizonyooka, kila moja mita 84.39, na nusu duara mbili zenye nusu kipenyo cha mita 36.5. Mkimbiaji wa njia ya ndani hakimbii juu ya ukingo, anahesabiwa sentimita 30 kutoka ukingoni, kwa hiyo duara lake ni la mita 36.8. Zidisha kwa mbili, zidisha kwa pai, unapata 231.22. Jumlisha zile pande mbili, 168.78. Ni 400 kamili. Anayekimbia njia ya pili kwenye mita 400 anaanzia mita 7.04 mbele ya mwenzake, na hiyo pia inatoka kwenye pai. Nimefaulu mitihani mingapi ya hisabati hapa chuoni na hakuna mtu aliyewahi kunipa kamba mkononi?

Niliporudi nikaazima tepu ya fundi seremala, mita 5, nikaitumia kupima kamba ya mita 20, nikaenda na watoto watatu tukapima mawe yangu. Mzunguko ulikuwa mita 330. Ina maana binti alikimbia mita 660, nikamwandikia 800. Kwa kasi yake ileile, mita 800 kamili zingemchukua kama dakika 2 na sekunde 36. Vwawa, na malengelenge, kakimbia 2:38. Hakushindwa kitu chochote! Alikimbia vilevile alivyo, na kwa mtoto ambaye hajawahi kufanya mazoezi hata siku moja siyo mbaya hata kidogo. Kipimo changu ndicho kilichokuwa cha uongo, na uongo huo ukamgharimu bibi madebe mawili ya mahindi.

Nilikwenda kuwaeleza. Bibi alielewa haraka kuliko nilivyotegemea, akanipa na maharage. Binti alinisikiliza akiwa ameinamia sufuria. Jumatano iliyofuata hakuja uwanjani, na iliyofuata pia.

Haya, turudi kwenye maegesho.

Mtaniambia, wewe ulizembea, uwanja wa chuo unahusikaje? Unahusika sana. Tazameni wakimbiaji wakubwa wa nchi hii walipitia wapi. (Akhwari simtaji, kila hotuba ya michezo inamtaja.) Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch tarehe 2 Februari 1974, akiongoza toka mwanzo hadi mwisho, alikuwa mwanajeshi. Muda wake ulibaki kuwa rekodi ya Michezo ya Jumuiya ya Madola hadi mwaka 2022, miaka 48! Juma Ikangaa, bingwa wa New York 1989, mwanajeshi. Alphonce Simbu, aliyetupa dhahabu ya kwanza ya Mashindano ya Dunia ya riadha pale Tokyo, Septemba 2025, naye ni wa jeshi. Jeshi limefanya kazi yake, tunalishukuru. Je, sisi wa vyuo vikuu?

Wapo waliopitia chuo kikuu, ila hakikuwa chetu. Suleiman Nyambui, aliyepata fedha ya mita 5000 kwenye Olimpiki ya Moscow 1980, na Gidamis Shahanga, bingwa wa marathoni wa Jumuiya ya Madola 1978, walikimbilia Chuo Kikuu cha Texas kilichopo El Paso. Mwaka 1980 Nyambui alikuwa bingwa wa mbio za nyika wa vyuo vyote vya Marekani, na timu ya chuo ikachukua kombe. El Paso ni mji wa mpakani, upande wa pili ni Mexico, kama Tunduma na Nakonde. Kwa hiyo mji wa mpakani wenye malori unaweza kuwa na chuo kinachonoa Watanzania kukimbia, mradi uwe wa Wamarekani!

Kwetu timu ya riadha inapatikanaje? Mnajua. Michezo ya vyuo ikibaki wiki mbili, waziri wa michezo wa serikali ya wanafunzi anapita vyumbani akiuliza nani anajua kukimbia. Mpira wa miguu una jezi, kikapu kina kiwanja na mashabiki wa kike na wa kiume, netiboli inajitahidi. Riadha wanachukuliwa waliosoma shule za mbali, kwa kudhaniwa kwamba walizoea kutembea. Mimi niliwahi kufuatwa kwa sababu tu natoka Mbozi. Eti milimani. Na kwenye karatasi ya ada kuna mstari wa michezo, tunalipa wote, hata tusiojua uwanja una lango upande gani.

Sisemi hakuna kinachofanyika nchini. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada ya elimu ya viungo na sayansi ya michezo, na kuna Chuo cha Maendeleo ya Michezo cha Malya, kule Kwimba. Lakini hebu tuwe wakweli, mhitimu wa Malya hatapangwa kila sekondari ya kata. Shule ya kata itapata mwalimu wa hisabati na jiografia, naye atapewa filimbi siku ya pili. Ni mimi. Ni wewe unayesoma hapa umelala kitandani.

Najua kuna atakayeniletea habari za Iten, maana mwenzangu wa chumbani kanitolea mfano huo jana usiku. Bruda Colm O'Connell kutoka Ireland alifika shule ya St. Patrick's, Iten, mwaka 1976, kufundisha jiografia. Jiografia! Hakuwa kocha na hakuwa amesomea riadha. Ndiye huyo baadaye aliyemnoa David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1, sekunde 40.91 London 2012. Kwa hiyo, anasema mwenzangu, tatizo siyo mafunzo wala uwanja, ni moyo.

Nimelifikiria hilo mpaka usingizi ukaruka. Nakubali nusu. Bruda alijifunza kwa kukaa pale pale, mwaka baada ya mwaka, akitazama watoto wanavyokimbia. Alikuwa na muda wa kukosea na kusahihisha. Mimi nilikuwa na wiki nane, na kosa langu moja lilimwangukia mtoto mmoja aliyekuwa na nafasi moja. Kama ningekosea kwanza hapa chuoni, kwenye uwanja huu, nikapima hatua 400 mbele ya wenzangu, mngenicheka wiki nzima na ingeishia hapo. Uwanja wa chuo cha walimu ndiyo mahali pa kukosea bila kumuumiza mtoto wa mtu.

Na kuhusu vyumba vya mihadhara, mimi mwenyewe nimekaa dirishani, sibishi. Ila tangazo halisemi vyumba. Linasema maegesho. Hesabuni wanafunzi wenye magari hapa, mtamaliza kabla vidole havijaisha.

Ninachotaka ni kidogo. Uwanja ubaki mzima. Kila anayesoma ualimu, awe wa fizikia au wa Kiingereza, apewe saa mbili kwa wiki kwa muhula mmoja: kuchora uwanja, kutumia saa ya kupimia, kujua mtoto anapashaje misuli moto, kujua viatu vipya vinavaliwa lini, kujua kitu cha kumwambia aliyekuwa wa nne. Na ufanyiwe mtihani, maana tunajijua, bila mtihani hatutokei, na mwenye kupata supu apate supu. Simbu pale Tokyo yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda mmoja, 2:09:48, wakatenganishwa na sekunde 0.03. Huko wanagombania mia tatu za sekunde, mimi huku nilipoteza mita 140 nzima.

Nimeandika barua kwa uongozi, adabu zote zimezingatiwa, na nimeipeleka serikali ya wanafunzi nayo waisome. Nakala ipo chumbani kwangu, anayetaka kusaini apite jioni. Wanaotaka maegesho nao wapite, tubishane, chai ipo.

Halafu jambo la mwisho. Juzi nilipiga simu ya bibi kumjulia hali. Baada ya salamu akasema kuna mtu anataka kuongea, nikasikia kimya kirefu, halafu sauti ya binti: "Shikamoo Madam. Ile kamba ya kupimia uliiacha kwa nani?" Nikamwambia ipo kwa Mkuu. Akasema asante, akamrudishia bibi simu. Sijui anaitakia nini, na sikuuliza.

Jumamosi saa 12 na nusu asubuhi nitakuwa uwanjani, goli la upande wa mabweni, palepale wanapotaka kumwaga kokoto. Nachora mita 400. Chokaa nimepata nusu mfuko, haitoshi, kwa hiyo mwenye majivu ya jikoni aje nayo kwenye ndoo. Vijiti ninavyo. Mwenye tepu ya mita 50 namuomba sana, ya kwangu ni ile ya seremala.